Barua ya wazi kwa vijana wa mipango miji: rudini kwenye michoro yenu

Wanangu mnaofanya kazi ya mipango miji, nanyi ambao bado mnaitafuta,

Nawasalimu. Tangu nistaafu, haupiti mwezi bila mmoja wenu kunipigia simu au kuniletea wasifu wake niupitie. Maswali ni yaleyale mawili: nisome nini tena, na kazi ziko wapi. Nimekuwa nikimjibu kila mmoja peke yake. Juzi nilisoma wasifu wa binti mmoja mwenye vyeti kumi na vitatu vya kozi fupi, na nilipoukunja nikaona heri niwaandikie wote kwa pamoja. Kozi zake zilikuwa nzuri. Kilichonisikitisha ni kwamba katika kurasa nne sikukuta hata mstari mmoja unaoeleza kilichotokea katika eneo lolote alilowahi kulipanga. Alichora, akakabidhi, akaondoka. Na nikajiona mimi mwenyewe nilivyokuwa.

Nilikuwa na miaka miwili kazini nilipopewa eneo la kuchora viwanja mia nne na kitu. Ramani ya msingi ilitokana na picha za anga zilizopigwa wakati wa kiangazi. Nikachora kwa bidii zote: barabara kuu ya mita 15, soko katikati, na eneo la wazi kwenye bonde ambalo pichani lilionekana kavu na tupu. Mchoro ukapita ngazi zote, ukapigwa mihuri, nikapongezwa. Nikahamishiwa kazi nyingine, na sikukanyaga tena pale kwa miaka tisa.

Niliporudi, nilirudi kwa bahati tu, nikiwa na shughuli jirani. Soko langu lilikuwa limeota nyasi. Watu walikuwa wakiuzia bidhaa mbali na pale, kando ya njia ya miguu inayotoka kituo cha basi kwenda kwenye bomba la maji. Njia hiyo ilikuwapo kabla sijashika kalamu, na mchoro wangu ulikuwa umeifuta kwa sababu haikunyooka. Bonde lilikuwa limegawanywa na kujengwa, na kila msimu wa mvua maji yaliingia ndani ya nyumba. Mama mmoja alikuwa akichota maji. Nikamweleza kwamba mimi ndiye niliyechora mtaa ule. Hakunitukana. Aliniuliza kwa nini sikurudi mapema, maana mwaka wa kwanza wenyewe wangeweza kuzuia ujenzi bondeni, ila hawakuwa na mtu wa kuwaonyesha mpaka wa eneo la wazi unapita wapi.

Swali la yule mama limenifundisha kazi hii kuliko shahada yangu ya pili. Nilinunua daftari. Kila mpango niliowahi kuushika nikaupa kurasa zake, nikajiwekea ahadi ya kurudi baada ya mwaka mmoja, baada ya miaka mitatu, na baada ya miaka saba. Nilikwenda na futi kamba na kupima upana wa barabara uliobaki. Niliangalia maji yanatuama wapi, watoto wanachezea wapi, nani ameweka kibanda juu ya hifadhi ya barabara na kwa nini amepachagua pale. Niliwauliza waliobaki, kisha nikawatafuta waliohama, kwa sababu aliyehama ndiye anayejua hasa kilichomshinda. Hakuna aliyenituma wala kunilipa. Mara nyingi ilikuwa siku ya mapumziko.

Miaka baadaye nilifanya usaili wa kazi katika mradi mkubwa wa usafiri. Waombaji wengine walikuwa na majina makubwa na picha nzuri za kompyuta. Jopo likaniuliza nieleze mpango wangu mmoja ulioshindwa. Nikafungua daftari, nikawasomea vipimo vya barabara ileile ya mita 15, ambayo sehemu nyingine ilikuwa imebaki mita 6, na sababu zake moja baada ya nyingine. Kazi nikaipata.

Lugha yetu imetupa neno lenye uzito ambao sidhani kama tumeutafakari vya kutosha. Mpangaji ni yule anayepanga mji. Mpangaji pia ni yule anayekaa katika nyumba ya mwingine na kulipa kodi. Sisi tunapewa eneo la watu kwa muda, tunaligusa, tunaondoka. Wao wanabaki nalo na watoto wao. Mwenye nyumba ana haki ya kutuuliza tumeiachaje.

Walioishi Pruitt-Igoe, huko St. Louis nchini Marekani, walistahili kuuliza hivyo mapema. Yalikuwa majengo 33 ya nyumba za umma za kupangisha, ya ghorofa 11, yaliyokamilika katikati ya miaka ya 1950 na kusifiwa sana. Mwaka 1972 yakaanza kubomolewa kwa baruti. Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba kosa lilikuwa usanifu, na usanifu ulikuwa na makosa yake. Lakini fedha za kujenga zilitoka serikali kuu, huku fedha za kutunza lifti, mabomba na taa zikitegemewa kutoka kwenye kodi za pango za wakazi wenyewe, waliokuwa maskini, katika mji uliokuwa ukipoteza watu. Nyumba zilipozidi kubaki tupu, kodi ikapungua; kodi ilipopungua, matengenezo yakasimama; matengenezo yaliposimama, nyumba nyingine zikabaki tupu. Jambo hilo huwezi kuliona mezani. Linaonekana mwaka wa pili au wa tatu, kwa mtu anayerudi kuhesabu taa zinazowaka.

Kwa hiyo, ukiniuliza usome nini tena, nitakwambia kwanza usome fedha. Jifunze bajeti ya serikali ya mtaa inavyoundwa, nani anakusanya kodi ya majengo, nani anailipia barabara baada ya mkandarasi kuondoka. Mpango kabambe, yaani mpango mkuu wa mji mzima, usiosema fedha za matunzo zitatoka wapi ni picha ya ukutani. Wahandisi na wachumi wanalijua hili, na ndiyo maana mara nyingi katika kikao wanasikilizwa wao, sisi tukaachiwa kuchagua rangi za ramani.

Pili, soma sheria ya ardhi mpaka uweze kumweleza mtu asiyejua kusoma haki yake ya fidia bila kumpotosha. Tatu, jifunze kuandika. Naona wengi mnalidharau hili, nami sitachoka kulisema: nimeona mipango mizuri ikikataliwa kwa sababu ripoti ilikuwa na kurasa mia mbili ambazo diwani hakuwa na muda wa kuzisoma. Mtu anayeweza kuandika kurasa mbili zilizo wazi, akasema eneo hili lina tatizo gani, tunapendekeza nini, nani ataathirika na kwa kiasi gani, hatakosa kazi. Mtu anayeweza kuandika muhtasari wa mkutano wa hadhara akanukuu maneno ya wananchi kama walivyoyasema, badala ya kuandika kwamba wadau waliunga mkono, huyo ni hazina kabisa. Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein, katika makala yake, aliuchora ushirikishwaji wa wananchi kama ngazi yenye vipago 8: cha chini kabisa ni kuwachezea watu akili, cha juu ni wananchi wenyewe kushika mamlaka. Chukueni mihutasari yenu ya mwaka jana mwone mlisimama kipago cha ngapi.

Programu za ramani nazo mzijue. QGIS haiuzwi, na ramani ya OpenStreetMap imekuwa ikijengwa na watu wa kujitolea tangu 2004. Hamna sababu ya kusubiri ofisi iwanunulie kitu. Ila programu utaimudu kwa miezi michache, na sifa ya kuimudu peke yake haikutofautishi na wenzako tena.

Usajili wa kitaaluma ufuateni mapema, katika bodi au chama chochote kinachotambulika mnakofanyia kazi, na msiuone kama karatasi ya ukutani. Huko Marekani, mpangaji mwenye cheti cha AICP, taasisi ya wapangaji miji waliothibitishwa, hutakiwa kukusanya alama 32 za mafunzo kila baada ya miaka miwili, na maadili na sheria lazima ziwemo. Utaratibu huo naupenda. Ningeupenda zaidi kama kutembelea upya eneo ulilolipanga kungehesabiwa humo.

Sasa kazi ziko wapi. Wengi mnasubiri tangazo lenye cheo cha afisa mipango miji, mnaliona moja, mnaomba watu mia tatu. Wakati huohuo mamlaka za maji zinahangaika kujua mji utakua kuelekea upande gani ili zilaze mabomba. Mashirika ya reli na mabasi yanahitaji watu wanaoelewa kwa nini abiria wanashukia hapa na si pale. Idara za afya, taasisi za maafa, benki zinazokopesha nyumba, vyama vya wakazi wa makazi yasiyopangwa: wote hao wana kazi ya mipango hata kama tangazo lao halitaji jina letu. Mkumbuke kwamba taaluma yenyewe ilianzishwa na watu waliotoka nje yake. Ebenezer Howard, aliyebuni miji ya bustani mwaka 1898, alikuwa mwandishi wa hati mkato. Patrick Geddes, aliyesisitiza uchunguzi wa eneo kabla ya mpango, alikuwa mtaalamu wa viumbe hai.

Kuna ujuzi mmoja ninaotamani wengi wenu muushike, na naona waliojitayarisha ni wachache. Ni ule wa kupanga upya ardhi kwa makubaliano: wenye maeneo wanayaunganisha, kila mmoja anakatwa sehemu kwa ajili ya barabara na huduma, kisha anarudishiwa kiwanja kidogo zaidi lakini chenye umbo zuri na thamani kubwa kuliko shamba lake la awali. Frankfurt ilipata sheria ya namna hii mwaka 1902, chini ya meya Franz Adickes. Tokyo ilijengwa upya kwa njia hiyo baada ya tetemeko la 1923, na Bhuj kule India baada ya tetemeko la 2001. Hesabu yake si ngumu. Kigumu ni kukaa na kaya themanini, moja moja, mpaka bibi mwenye kipande kilichopinda aamini kwamba hadhulumiwi. Inataka uvumilivu, inataka usahihi wa vipimo, na inataka uonekane tena na tena pale mtaani. Anayeifahamu kazi hiyo hutafutwa hata akiwa amestaafu. Nawaambia kwa sababu bado natafutwa.

Mtasikia pia ushauri kwamba mhame kazi kila miaka miwili ili mshahara upande. Kuna wakati kuhama ni lazima, sina ubishi. Lakini tazameni Curitiba nchini Brazil. Taasisi yao ya mipango iliundwa mwaka 1965, mpango kabambe ukapitishwa 1966, na mabasi ya njia maalumu, ambayo dunia nzima ilikwenda kujifunza, yakaanza 1974. Jaime Lerner alikuwa amefanya kazi katika taasisi hiyo kabla ya kuwa meya mwaka 1971. Watu walewale walikaa na mpango uleule mpaka ukawa barabara. Miaka minane ni mirefu katika wasifu, najua. Katika maisha ya mji ni mifupi.

Kuhusu bahasha nitasema kwa ufupi, kwa sababu mnajua ninachozungumzia. Itakuja siku utaombwa usaini mabadiliko ya matumizi ya kiwanja cha shule, na aliyekuomba atakuwa mkubwa wako. Mimi nilikataa mara moja na nikahamishiwa ofisi isiyokuwa na kazi kwa miaka miwili. Iliniuma sana, na wanangu waliiona shida ile. Kiwanja kile bado ni shule. Huwa napita pale wakati wa mapumziko ya watoto, na imo katika daftari.

Mwenye mchoro uliotimiza mwaka tangu uidhinishwe, naomba aende wiki hii, na futi kamba, bila gari la ofisi. Wale ambao hamjapata kazi, chagueni mpango wowote wa zamani wa mji mnaoishi, uombeni katika ofisi husika, mkautembelee na kuandika kurasa mbili. Hizo ndizo mtakazoweka mbele ya vyeti.

Yule binti wa vyeti kumi na vitatu amekwisha kwenda. Amenitumia picha ya mtaro wa maji ya mvua aliouchora yeye mwenyewe, umejaa mchanga mpaka juu, na ananiuliza ni nani aliyepaswa kuuzibua. Nimemjibu kwamba sijui, na kwamba nyumba tatu zinazopakana na ule mtaro bila shaka wanajua, abishe hodi.

Mama yenu katika kazi