Kanda ya mafunzo iliyopotea ilikuwa ushahidi wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji aliyeandika juma lililopita akishangaa kwamba wapo watu wazima wanaomaliza jioni zao wakisaka kanda za zamani za mafunzo ya kazi zilizorekodiwa na kampuni za maduka. Mimi ni mmoja wa hao anaowashangaa. Kwamba kanda zile zilichosha, nakubaliana naye bila ubishi, kwani nilizitazama nikiwa kijana, katika chumba cha mapumziko nyuma ya stoo, na zaidi ya mara moja msimamizi wa zamu alilazimika kuniamsha. Hata hivyo kanda ninayoitafuta mimi siitafuti kwa ajili ya kujiburudisha wala kwa kuukumbuka ujana.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa keshia katika kampuni moja ya maduka yenye matawi mengi. Kanda za mafunzo zilikuwa biashara kubwa tangu zamani (nchini Uingereza kampuni ya Video Arts ilianzishwa mwaka 1972, na mchekeshaji John Cleese alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake), lakini makao makuu yetu yaliona ni nafuu kurekodi ya kwao, na waigizaji tukawa sisi wenyewe. Mimi nilipewa nafasi ya keshia mbaya. Nilitakiwa kutafuna, kutomtazama mteja usoni, na kumsukumia chenji juu ya kaunta badala ya kumwekea mkononi. Inaonekana niliifanya kazi hiyo vizuri kupita kiasi, maana kwa miaka kadhaa wafanyakazi wapya wa matawi mengine walikuwa wakinitazama kwa mashaka siku ya kwanza tunapokutana.

Baada ya mimi kuharibu kila kitu alikuja mwenzangu wa kaunta ya pili kuonyesha inavyopaswa. Alipokea noti ya mteja, akaitaja thamani yake kwa sauti, na hakuitia kwenye droo; aliilaza juu ya mashine, mbele ya macho ya wote wawili, mpaka alipomaliza kuhesabu chenji kiganjani mwa mteja, ili ukitokea ubishi kuhusu noti iliyotolewa, noti yenyewe iwe bado pale pale. Kisha ikafuata sehemu ya kufunga hesabu jioni. Keshia na msimamizi waliketi meza moja, wakaihesabu droo pamoja, wakaandika kiasi kwenye fomu, wakatia saini wote wawili kabla ya yeyote kutoka chumbani. Msimulizi akasema, kwa lugha isiyo na utata, kwamba keshia hatalipa shoti yoyote, yaani upungufu wa fedha, itakayotokea katika hesabu iliyofanywa bila yeye kuwapo.

Miaka michache baadaye utaratibu huo ulibadilika bila tangazo. Droo zilianza kukusanywa jioni na kuhesabiwa asubuhi ya pili na mtu mmoja, na shoti zikawa zinakatwa kwenye mishahara yetu. Tulipolalamika, tulijibiwa kwamba utaratibu mwingine haukuwahi kuwapo. Tukasema tumeuona kwenye kanda, na baadhi yetu tumo ndani ya hiyo kanda. Tukaulizwa ni kanda ipi. Kabati la chumba cha mapumziko lilipofunguliwa, tulikuta makopo mawili ya rangi na waya wa deki, ile mashine ya kupigia kanda za video; deki yenyewe haikuwapo, wala kanda. Simshutumu mtu kwamba aliziondoa kwa makusudi. Nadhani zilitupwa siku chumba kilipopakwa rangi. Lakini kwa aliyekatwa mshahara, hila na uzembe vina uzito mmoja.

Msomaji wako atauliza kwa nini hatukutumia kitabu cha kanuni. Tulikitumia, na kilikuwa na sentensi moja tu, kwamba droo zitahesabiwa kila siku. Nani azihesabu, saa ngapi na mbele ya nani, hayo yote yalikuwa kwenye picha peke yake. Hili ndilo ambalo watu wasiowahi kufanya kazi dukani hawalitambui: kazi ya mikono hufundishwa kwa kuonyeshwa, na mwajiri anapochagua kuonyesha badala ya kuandika, kanda inakuwa ndiyo kanuni yenyewe. Ni hivyo hivyo kwa namna ya kuinua kasha zito, kwa ngazi ya stoo, na kwa dawa za kusafishia sakafu ambazo hazipaswi kuchanganywa. Mfanyakazi akiumia, swali la kwanza huwa alifundishwa nini, na jibu linaweza kuwa lilikwisha tupwa pamoja na takataka za jumamosi moja iliyosahaulika.

Sishangai kwamba zinapotea. Shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lilieleza mwaka 2009, baada ya msako mrefu, kwamba kanda za awali zilizonasa picha za Apollo 11 kutoka mwezini mwaka 1969 kwa uwezekano mkubwa zilifutwa na kutumiwa upya. Tunachokitazama leo kinatokana na nakala za matangazo ya televisheni. Ikiwa hatua za kwanza za mwanadamu mwezini hazikusalimika, nani angeilinda hesabu ya droo? Tena kampuni za maduka zinapoanguka huanguka kwa kasi. Woolworths ya Uingereza ilikuwa na maduka 807, na yote yalifungwa kati ya tarehe 27 Desemba 2008 na tarehe 6 Januari 2009. Katika siku kumi na moja watu huuza rafu, taa na hata mashine za hesabu, kwa sababu vitu hivyo vina wanunuzi, na kanda za chumba cha mapumziko hazina.

Wapo waliookoa. Mfanyakazi mmoja wa zamani wa Kmart, nchini Marekani, alihifadhi nyumbani kaseti za muziki na matangazo yaliyokuwa yakipigwa dukani mwishoni mwa miaka ya themanini na mwanzoni mwa miaka ya tisini, kisha mwaka 2015 akaziweka kwenye maktaba ya Internet Archive, ambako yeyote anaweza kuzisikiliza. Rick Prelinger naye alikusanya kwa miaka mingi filamu za mafunzo, za matangazo na za viwandani ambazo wenyewe hawakuzijali, na mwaka 2002 mkusanyiko huo ukachukuliwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Wote wawili wangeweza kuchekwa kama tunavyochekwa sisi.

Nirudi kwenye kanda yetu. Mwaka jana mwenzangu mmoja wa zamani aliikuta kaseti nyumbani kwake, chini ya sanduku la nguo, ikiwa na lebo ya kampuni na neno "Keshia" lililoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Niliifuata siku hiyo hiyo. Tulipoipiga, ikatokea mechi ya mpira wa miguu. Kumbe kijipande kidogo cha plastiki kwenye mgongo wa kaseti, ambacho kikivunjwa deki haiwezi tena kurekodi juu yake, hakikuwa kimevunjwa, na mtu wa nyumbani mle aliihitaji kaseti jioni ya mechi. Tuliitazama mechi yote, dakika tisini na mapumziko yake, kwa sababu hatukuthubutu kuipeleka mbele kwa kasi tukaikata. Filimbi ya mwisho ilipolia, picha ikatikisika, mistari ikapita, na kwa muda usiozidi dakika mbili tukaliona duka letu: taa zikizimwa safu moja baada ya nyingine, na kijana akisukuma mopu kuelekea mlangoni. Hesabu ya droo ilikuwa imelala chini ya kipindi cha pili.

Kwa hiyo naandika pia kuomba. Matawi yalikuwa mengi na kila moja lilipewa nakala yake, na wafanyakazi walikuwa na desturi ya kuzichukua zilizoonekana hazina mwenyewe. Anayefikiri anayo asikimbilie kuipachika kwenye deki ya kuazima. Kanda ya VHS ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku kwa gundi. Iliyokaa mahali penye unyevunyevu huota kuvu au hunata, na deki chafu huimaliza mara moja. Aitazame kwanza kupitia kidirisha cha kaseti. Akiona ukungu mweupe kwenye ukingo wa utepe, aiache ilivyo na kuipeleka kwa fundi anayehamishia kanda kwenye kompyuta. Akiiona safi, avunje kile kijipande cha plastiki kabla ya jambo lolote. Wala asingoje sana, kwani Funai ya Japani, iliyokuwa mtengenezaji wa mwisho wa deki hizi, iliacha kuzitengeneza mwezi Julai 2016, na zilizobaki zikiharibika hukarabatiwa kwa vipuri vilivyong'olewa kwenye deki nyingine.

Kampuni yenyewe niliiandikia. Ilinijibu kwa upole kwamba kanda zote za mafunzo ni mali yake na haziruhusiwi kutolewa kwa watu wa nje, na katika barua hiyo hiyo ikaeleza kwamba haina hata moja. Sina ugomvi na hakimiliki. Ninachokiona ni kwamba mali ambayo mwenyewe hakuitunza, kisha anamzuia mwingine kuitunza, ni ulinzi wa kitu gani sijui. Waajiri wa leo, ambao mafunzo yao yako kwenye simu na hubadilishwa usiku mmoja bila kubaki hata kaseti chini ya sanduku la nguo, wangefanya haki kuhifadhi kila toleo pamoja na tarehe lilipoanza na lilipoachwa kutumika, kama wanavyohifadhi mikataba ya kazi, na kumpa mfanyakazi nakala anapoiomba.

Atakayeipata ataitambua mapema. Dakika za mwanzo kabisa kuna keshia kijana mwenye shati lililomzidi, anatafuna huku akitazama dari, na mteja anaokota sarafu zake moja moja juu ya kaunta. Huyo ndiye mimi. Nitaomba anivumilie hadi sehemu ya jioni, na aniandikie kupitia ofisi yako.

Wako katika kusoma,

Keshia mstaafu