Dawa za msitu wa Rondo zipimwe kama zinavyotumika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie upimaji wa dawa za asili zitokazo katika misitu yetu ya hapa Lindi, hususan Rondo.

Bibi yangu huchemsha magome katika chungu hadi maji yawe mekundu kama chai ya rangi. Mtafiti anayeloweka magome hayo hayo katika spiriti hapimi dawa ya bibi, bali anapima kitu kingine. Namna ya kutayarisha hubadili kinachopatikana: Tu Youyou, mtafiti wa China aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, aliipata artemisinini ya kutibu malaria baada ya kuacha kuchemsha, badala yake akatumia etha, kimiminika cha kuyeyushia dawa, kwa joto dogo.

Kwa bakteria kipimo ni chepesi: kikaratasi kilichochovywa dawa huwekwa kwenye sahani iliyooteshwa vimelea, na duara tupu likijitokeza kukizunguka, dawa imewazuia. Virusi ni shughuli nyingine, kwa kuwa huzaliana ndani ya seli hai, hivyo dawa inayoua seli zenyewe huweza kuonekana imeshinda virusi. Hata sabuni ingefaulu mtihani wa namna hiyo!

Kijijini kwetu walikuja wageni wakajaza viroba vya mizizi, na majibu hatujayaona hadi leo. Naomba watafiti wawarudishie waganga matokeo, hata yakiwa mabaya, na waanze na majani kabla ya kung'oa mizizi.

Msomaji wako,
Lindi