Kabla hujauza kiwanja cha Pongwe

Mtwara
Jumapili, 8 Septemba 2024

Kwa shoga yangu Rukia,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, watoto hawajambo, Baba Hamza na goti lake wanaendelea kugombana, na mji mzima unangoja msimu wa korosho ufunguliwe ndipo watu walipane madeni. Najua umenuna. Ujumbe wako wa sauti una wiki tatu kwenye simu yangu, dakika kumi na moja, nimeusikiliza mara nne. Mara ya mwisho nilikuwa nachambua dagaa, nikazama kukusikiliza, paka akala nusu. Sikukujibu kwa sababu jibu lenyewe ni refu, na pia kwa sababu nilikuwa naona haya. Haya ya nini utajua mbele.

Niseme nilivyoelewa, nikikosea unirekebishe. Unataka kuuza kiwanja cha Bi Mkubwa cha Pongwe, hapo kwenu Tanga. Uongezee mkopo wa benki, na dhamana iwe hiyo nyumba mnayolala. Ununue kipande upande wa Chongoleani, ujenge loji ya vyumba kumi, kila chumba na choo chake na kiyoyozi, kwa ajili ya watu wa bomba la mafuta la kutoka Uganda linaloishia hapo. Mimi nikuazime milioni sita za kuanzia, nikupe na namba ya Chande dalali. Salim naye aache ualimu akatafute kazi kwenye mafuta. Ndivyo?

Namba ya Chande sikupi. Hilo limekwisha.

Sasa kaa kitako. Unakumbuka ulipokuja kwenye harusi ya Zuhura, 2014? Nilikuonyesha nyumba ya uani kwa nje tu, tukawa tunanong'ona kwa sababu mzungu alikuwa ndani amelala. Ukaniambia, "Shoga, umeshatoka wewe." Nikacheka, nikajiona nimetoka kweli. Miaka kumi hii kila ukiniuliza "mpangaji yupo?" nakujibu yupo. Nilikuwa sikudanganyi, mpangaji yupo. Ila sijawahi kukuambia ni nani.

Tuanze mwanzo. Mwaka 2012 na 2013 Mtwara kila mtu alikuwa dalali. Gesi imeonekana kwenye bahari kuu, redioni ni futi za ujazo trilioni kadha wa kadha, hata muuza mihogo anakutajia. Chande alikuwa anauza mitumba sokoni, akaanza kuvaa tai. Kodi zikahama kwenye shilingi zikaenda kwenye dola. Nyumba za Shangani watu waliondolewa, zikapigwa rangi, zikapangishwa upya kwa bei ya Masaki. Chande akaja kwangu akaniambia uani kwangu kuna dola zimelala. Nikakopa milioni 25.

Unakumbuka tarehe 22 Mei 2013? Siku waziri anasoma bajeti ya nishati bungeni na kuthibitisha kwamba bomba la kupeleka gesi Dar lipo palepale, mji ukawaka. Lori langu la vigae lilikwama Mikindani, barabarani matairi yanaungua, vijana wanapiga kelele gesi haitoki. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nalia vigae. Wenzangu wanalilia gesi ya mkoa wao, mimi nawaza rangi ya sakafu ya mzungu.

Chande akasema wazungu hawaogi kwa ndoo, wanajilaza kwenye maji. Basi nikaagiza Dar lile sinki kubwa jeupe la kuogea umelala. Lilikuja kwenye basi limefungwa magodoro, tukavunja mlango wa bafu kuliingiza, tukaujenga upya. Rukia, hapa kwetu maji yenyewe yanatoka kwa kubahatisha!

Mzungu akaja kweli, sikatai. Fundi wa kampuni moja ya kuhudumia meli za kuchimba. Dola 700 kwa mwezi, mwaka mzima mkononi. Wakati ule dola haijafika hata elfu mbili, lakini bado ilikuwa zaidi ya milioni moja kila mwezi, mimi ambaye vyumba vya mbele nilikuwa napangisha elfu arobaini. Mwaka wa pili akasema atalipa kila mwezi. Pale ndipo ningeshtuka. Sikushtuka, niliweka dari ya jipsam.

Kitu ambacho hakuna aliyetueleza ni hiki. Wale wanaochimba hawakai Mtwara. Wanakaa kwenye meli, huko ambako hata taa zake huzioni. Wanapelekwa kwa helikopta, wanafanya kazi wiki nne, wanarudi kwao kupumzika wiki nne. Maofisa wanakaa Dar. Hapa mjini walibaki wachache wa bandarini na wa stoo, na kwa hao wachache sisi tulijenga mji mzima. Halafu katikati ya 2014 pipa la mafuta lilikuwa linapita dola 100, Januari 2016 likawa chini ya 30. Nani angechimba kisima cha bahari kuu kwa bei hiyo? Meli zikaondoka. Bomba letu lenyewe likazinduliwa Oktoba 2015, shughuli za harusi zikaisha, wapishi wakafunga virago.

Mzungu wangu aliondoka Aprili 2015. Aliniachia kofia ngumu ya njano, jozi ya buti na chupa nusu ya pilipili ya kwao. Kofia Baba Hamza anavaa akipanda mnazi. Mkopo ulikuwa umebaki miaka mitatu. Nilimaliza kuulipa kwa dhahabu ya mama, zile bangili uliniuliza siku ile kwenye simu nikakwambia nimeziweka kwa sonara zisafishwe. Hii ndiyo haya yangu.

Leo nyumba ile wamo wauguzi wawili na mwalimu mmoja, wamegawana vyumba, wananipa laki moja na nusu wote kwa pamoja, na mwezi mwingine mwalimu anasema tungoje kidogo, naelewa. Pale kilipokuwa kiyoyozi (nilikiuza) pana tundu, wameziba kwa boksi, shore ametaga humo na hawataki kumtoa. Na lile sinki la kujilaza ndilo tanki letu la akiba. Maji yakija wanalijaza, wanafunika na ubao, wanachota kwa kopo. Kila nikiingia mule nacheka peke yangu.

Nimeona nikueleze hivyo kwa sababu wewe ukisikia mafuta unaona mafuta. Mimi sasa hivi nikisikia mafuta naona kopo linaelea.

Utaniambia Tanga si Mtwara, bomba lenu linajengwa, matangi yanaonekana kwa macho. Kweli. Kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi kwenu si mchezo. Lakini hebu hesabu nami. Jiwe la msingi waliweka Magufuli na Museveni Agosti 2017, siku ile ulinipigia simu unapiga vigelegele. Uamuzi wa wawekezaji kutoa pesa umekuja Februari 2022. Miaka minne na nusu! Ungekopa siku ya vigelegele, benki ingekuwa imeshakumaliza kabla bomba hata moja halijashuka bandarini. Na sasa kazi ikiwa imepamba moto, wafanyakazi wengi wanakaa kambini, wamepikiwa na kufuliwa humo humo. Mkandarasi hampangishii kibarua chumba cha kiyoyozi. Wakishamaliza kufukia, bomba lililozikwa halihitaji mtu wa kulizika tena. Watabaki wa kuangalia matangi, pampu, umeme na gati, pamoja na walinzi. Ujenzi unabeba maelfu, uendeshaji mamia, tena wamegawanyika njia nzima mpaka Uganda. Hao watakaobaki Chongoleani watajaza vyumba kumi vyako usiku wa Jumanne mwezi wa tano mvua inanyesha?

Tena wewe ni mtoto wa Tanga, nyinyi ndio mlitakiwa mtufundishe sisi. Baba yako alikuwa karani wa shamba la mkonge. Ulinisimulia mwenyewe, mkonge ulivyokuwa dhahabu, watu wanatoka bara kwa makundi kuja kukata, kisha kamba za nailoni zikaja, kambi zikabaki popo. Sisi huku baba mkwe hachoki kutusimulia karanga za Waingereza. Wakajenga bandari, wakalaza reli mpaka Nachingwea, karanga zikawashinda, miaka ya 60 reli ikang'olewa. Mwanzoni mwa gesi alikuwa anatuambia "hata reli ililetwa na vigelegele." Tukamwona mzee anatuchuria.

Lindi usiniulize. Wifi yangu alinunua kiwanja karibu na Likong'o 2014 kwa ajili ya ule mtambo wa kusindika gesi. Makubaliano ya awali yametiwa saini Juni 2022, dola bilioni 42 zinatajwa, na mazungumzo bado yanaendelea. Kiwanja kina mbuzi wa watu. Na mdogo wake, Asumini, yule mcheshi, alivuka Ruvuma akafungua duka Palma, huko gesi ilikuwa imechangamka kutushinda. Machi 2021 mji ulipovamiwa alirudi hana viatu. Mpaka leo hasimulii.

Hamza wangu ndiye mfano wa Salim. Alisoma kuchomelea, akapata cheti, akafanya kazi ya bomba kama mwaka na nusu, msaidizi wa fundi wa Kichina, akajua kuhesabu Kichina mpaka mia. Kazi ikaisha kama bomba lilivyoisha. Sasa ana karakana, anatengeneza mageti na magrili ya madirisha, na anaishi vizuri tu, kwa sababu geti linahitajika hata gesi isipokuwepo. Kwa hiyo Salim akitaka kusoma ufundi asome, ila asome ule atakaouza hata Korogwe: umeme, pampu, mitambo ya baridi. Asiache ajira ya serikali kwa ahadi ya mtu aliyemwambia "lete wasifu wako na laki mbili ya fomu." Maana nilisikia hiyo laki mbili mwishoni mwa ujumbe, ukaipitisha haraka kama mtu anayemeza dawa. Ameshalipa?

Wala sisemi usile pesa ya mafuta. Hapa Mtwara wapo waliokula. Fatu wa chapati, unamkumbuka, yule mwenye makengeza? Alikuwa anapika chapati na maharage saa kumi usiku, anawapelekea vibarua wa bomba, na mabinti zake wanafua ovaroli. Hakukopa, hakujenga. Vibarua walipoondoka alikuwa na bodaboda mbili na shamba la mikorosho, akazima jiko akalala. Mimi mwenye vigae nikawa naenda kumkopa unga.

Ungeniuliza mimi, Pongwe usiiuze. Jenga hapo hapo, vyumba vinne vya kawaida, chumba na sebule, choo cha ndani cha kuchuchumaa, simtanki juu, bei ambayo mwalimu na muuguzi wataimudu. Mwaka huu akikaa mtu wa bomba mtoze ya juu kidogo, akiondoka anaingia mwalimu na wewe hujashtuka. Pesa ya kujengea iwe ya kudunduliza. Nyumba unayolala usiipeleke benki, Rukia, nakuomba. Nimeona ya Mzee Likwama ilivyopigwa mnada, godoro liko nje na watu wanaulizana bei ya dirisha.

Milioni sita sina. Ninayo moja na nusu, ya mchezo, nimepokea juzi. Nitakutumia, na sitakudai tarehe. Ila ni ya kisima au matofali ya Pongwe, si ya kwenda kumpa mtu wa Chongoleani kishika uchumba. Ukinuna nuna, utanyamaza wiki tatu kama mimi kisha tutaongea.

Sasa nijibu haya, tena kwa maandishi, si sauti. Hicho kipande cha Chongoleani kimepimwa? Muuzaji ana hati au ana karatasi ya serikali ya mtaa tu? Umeuliza kama kimeingia kwenye mkuza wa bomba, ile njia iliyotengwa lipite? Umehesabu loji ngapi zinajengwa njia hiyo sasa hivi, na wenye nazo wanasemaje usiku zinalala na watu wangapi? Benki imekwambia marejesho kwa mwezi ni kiasi gani vyumba vikiwa vitupu? Bi Mkubwa anajua kiwanja chake kinauzwa, au mmekaa kimya kwa sababu ya presha? Na shemeji anasemaje, maana katika dakika kumi na moja hukumtaja hata mara moja?

Nimempa kondakta wa basi la Alhamisi korosho kilo mbili za kukaanga na kipande cha pweza mkavu kwa ajili ya Bi Mkubwa. Atavipokea Dar yule kijana wa Asumini, atakuletea kabla ya Maulidi. Chambua korosho vizuri, baadhi zimeungua, nilikuwa nasikiliza ujumbe wako.

Wako,
Mama Hamza

Ukimjua yeyote huko anayejenga loji na anatafuta sinki la kuogea umelala, jeupe, halijapasuka, mwambie nitamuuzia kwa bei nzuri, ila mlango atauvunja mwenyewe. Wewe sikuuzii.