Mke wa mfanyakazi mlemavu naye akumbukwe

Bwana Mhariri,

Sheria yetu ya Kongo ya tarehe 15 Julai 2016 kuhusu hifadhi ya jamii, ambayo CNSS (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii) inaitekeleza, inamkumbuka mjane. Lakini mke ambaye mume wake angali hai, amevunjika mgongo mgodini, naye ameacha meza yake ya unga sokoni ili amwogeshe na kumgeuza kitandani usiku, fungu lake mwenyewe silioni. Marekani, mwenzi wa mfanyakazi mlemavu huweza kulipwa hadi nusu ya kiwango cha malipo ya ulemavu ya mfanyakazi huyo, akiwa ametimiza miaka 62 au akilea mtoto wao aliye chini ya miaka 16 (ingawa kikomo cha malipo ya familia huweza kuipunguza nusu hiyo). Wabunge wetu wa Haut-Katanga waifikishe hoja hii Kinshasa, na mume anayemtunza mke mlemavu asiachwe nje.

Msomaji wenu,
Katuba, Lubumbashi