Chini ya iliki hesabuni miche, si miti mikubwa tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Juzi nimesikia redioni mtaalamu akikisifu kilimo cha iliki cha Usambara Mashariki, eti hakikati msitu. Mimi nalima iliki, karafuu na pilipili manga huku Amani, wilayani Muheza, na ningependa mtaalamu huyo aje, ashuke kwenye gari.

Ukipita barabarani utaona miti mikubwa ya asili, mitambara, minyasa na misambu, imesimama, utasema msitu upo. Ingia ndani uiname. Iliki hupenda kivuli, kwa hiyo mkulima haangushi miti yote. Hupunguza michache mwanga upenye, kisha hufyeka kila kilicho chini. Maua ya iliki, meupe yenye michirizi ya zambarau, hutoka kwenye vikonyo vinavyotambaa ardhini shinani, na matunda yake hukaa hapohapo. Mchumaji hupiga magoti, akafunua majani kwa mkono mmoja na kuchuma kwa mwingine. Nani atakubali mche wa mnyasa umchome mbavu hapo? Kibarua akipita na panga, mche unakwenda pamoja na magugu, na mwakani vilevile. Miti inayosifiwa redioni ni wazee watupu, wasio na mtoto wala mjukuu. Iliki ikichoka baada ya miaka kadhaa panaingia migomba na miwa, na hapo hata kivuli husahaulika.

Penye pengo msizi, mti mgeni huku kwetu, hauchelewi. Asili yake ni Uganda na Bukoba; watu wa misitu waliupanda huku karne iliyopita, na ndege hondohondo wakaupenda. Humeza matunda na kudondosha mbegu hadi katikati ya msitu. Kwa mwenye kuhesabu miti, msizi nao ni mti. Lakini wapo vyura na vinyonga wasiopatikana popote duniani ila Usambara na milima jirani, na wengi wao huishi kwa unyevu na majani yanayooza chini, palepale tunapofyeka. (Wasomaji wa Tanga mjini mnaodhani hayawahusu: maji ya bombani kwenu ni ya mto Zigi, unaotoka huku.)

Sisemi wakulima wafukuzwe. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997, ya kwanza nchini, na baadaye wenzetu wa Derema wakaacha mashamba yao ya iliki kwa fidia ili misitu iungane. Habari za fidia ile zina wasemaji wake, siziingilii. Mimi nazungumzia ardhi iliyobaki mikononi mwetu, nje ya mipaka. Waliokuwa wakifuga vipepeo wa kuuza Ulaya na Marekani walitunza mimea ya msituni inayoliwa na viwavi, bila kusukumwa na mtu. Mwaka 2016 serikali ikazuia kusafirisha wanyama hai nje ya nchi, na vipepeo wakaingia humohumo. Siku hizi ukimwambia mtu aache mti wa viwavi shambani, anakuuliza ni wa kazi gani. Msambu angalau una mbegu za mafuta.

Shambani kwangu kila mche wa mtambara au msambu ninaouona nauchomekea kijiti na kuufunga kipande cha kanga chakavu, kibarua aukwepe. Gharama yake ni maneno. Vibarua hulipwa kwa eneo, na kanga zangu zinawachelewesha. Mwaka huu mmoja aliniambia bora nikapalilie mwenyewe.

Sasa ombi. Maofisa ugani na wa misitu, mkija kukagua kilimo mseto msiishie kutazama juu. Pigeni magoti, hesabuni miche ya asili iliyo chini ya iliki, mwandike. Na mkigawa miche ya bure, mbona ni mitiki na misindano tu? Miche ya mtambara nailea mwenyewe kwenye makopo nyuma ya jiko.

Nanyi wanunuzi mnaopenda kusema iliki yenu ni rafiki wa msitu, ongezeni chochote kwa shamba lenye miche. Hivi sasa Muheza nalipwa kwa kilo bei ileile anayolipwa jirani yangu aliyefyeka mpaka udongo mtupu, na yeye anavuna kilo nyingi kuliko mimi.

Mkulima wa viungo,
Amani, Muheza