Mchezaji asitumwe nje bila mpigaji

Ndugu Mhariri,

Kikundi cha ngoma cha Mbeya, Iringa au Njombe kikipata mwaliko wa kwenda kufundisha nje ya nchi, mara nyingi wa kwanza kukatwa kwenye bajeti ni mpigaji. Mwenyeji analipa tiketi ya mchezaji mmoja, midundo inabebwa kwenye simu au flashi, safari inaanza. Sisi tunaofundisha ngoma tunawaomba viongozi wa vikundi na maofisa utamaduni wa halmashauri wakatae utaratibu huo. Unayaharibu mafunzo kabla hayajaanza.

Mpigaji wetu anapiga huku anamtazama mchezaji. Mstari wa wachezaji ukizubaa, anaushikilia mdundo mpaka ukae sawa. Kiongozi akiashiria kwa mkono, vumi, ile ngoma kubwa, inatoa mwito na mtindo unabadilika. Sauti ya kwenye simu haimsubiri mtu wala haimwiti. Mwanafunzi aliyejifunzia simu anakariri mpangilio tu: nane kulia, nane kushoto, geuka. Msimamishe mbele ya ngoma yenyewe, anapotea, kwa sababu hajafundishwa kusikiliza.

Kuhesabu nako kuna shida yake. Waliopita shule za dansi za Ulaya na Marekani wamezoea kuhesabu hadi nane na kuitafuta moja, yaani pigo la kwanza. Ngoma zetu nyingi zina mbili na tatu zinazokwenda pamoja: ndani ya mapigo madogo sita, makofi yanalia mara tatu na miguu inakanyaga mara mbili. Anayehesabu anayashika makofi akidhani ndiyo hatua, basi mguu wake unakimbia kuliko wa wenzake. Kumwambia apunguze mwendo hakusaidii. Mrudishe kwenye wimbo. Akishaweza kuitikia huku anapiga makofi, mguu unajipata wenyewe.

Kwa hiyo kipindi cha saa moja na nusu kisianze na hatua. Dakika 10 za kupasha mwili, 25 za wimbo na makofi, kiitikio kikitangulia, 15 za kutembea tu juu ya mdundo, 30 za hatua zenyewe, na 10 za mwisho mstari ucheze mwalimu akiwa kimya. Watu 20 kwa mwalimu mmoja wanatosha. Wakizidi, hutaiona miguu ya walio nyuma, na huko nyuma ndiko makosa yanakoota mizizi.

Angalia magoti mapema. Aliyelelewa kwenye bale, dansi ya jukwaani ya Ulaya, ananyanyua visigino na kukaza goti. Hatua zetu zinashuka: goti limelegea, kiuno kiko chini, unyayo mzima unatua. Anayetua kwa vidole huku goti limekaza, kesho yake atalalamika maumivu, hasa kama ukumbi una sakafu ya zege au vigae. Ombeni sakafu ya mbao tangu kwenye barua ya kwanza. Njuga zifungwe juu ya soksi nene, la sivyo zitawachubua vifundo.

Ngoma zenyewe zinataka uangalizi. Hapa nyumbani tunazikaanga kwa moto wa nyasi. Huko ukiwasha moto ukumbini, king'ora kinalia na jengo zima linatoka nje. Tumieni draya ya saluni, shubiri mbili kutoka kwenye ngozi, mkiizungusha ukingoni, si katikati. Wakati wa baridi hewa ya vyumba vyenye vipasha joto ni kavu mno, na ngozi iliyowambwa kwa mambo, vile vijiti vya kuipigilia, inaweza kupasuka palepale ilipotobolewa. Msiiache karibu na kipasha joto. Ngoma ya kamba ilegezwe kabla ya kusafirishwa.

Kwenye forodha, ngozi iwe kavu, safi, bila nywele wala mabaki ya nyama. Australia na New Zealand ni wakali zaidi kwa hili. Chapuo, ngoma ndogo, iliyowambwa ngozi ya kenge, au vazi la manyoya ya mbega, visibebwe bila kibali, maana wanyama hao wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na vifaa hivyo vitachukuliwa uwanja wa ndege. Ngozi ya mbuzi na vazi la katani havina kesi hiyo.

Wanaopeleka mganda wa pwani ya Ziwa Nyasa wana kazi ya ziada ya vibuyu. Kibuyu kinaimbiwa ndani, na kinachokipa ule mvumo ni utando mwembamba unaofunika tundu, kwa desturi wa kifuko cha mayai ya buibui. Utando huo unachanika njiani. Bebeni wa akiba, au zibeni kwa karatasi ya kusokotea sigara. Sauti itakuwa kavu kidogo lakini itavuma. Na waelezeni wanafunzi ukweli: mganda ulichota kwenye gwaride na bendi za askari wa enzi ya ukoloni, ndiyo maana kuna mistari na nguo nadhifu. Kuuita ngoma ya tangu zama za mababu ni kuwanyima historia iliyo nzuri zaidi.

Kikosi kinachofaa ni watu watatu: mchezaji, mpigaji wa vumi, na mwimbishaji anayeweza kushika chapuo. Fedha zikitosha wawili tu, aende mchezaji anayeimba pamoja na mpigaji wa vumi. Chapuo inarudia pigo lilelile, hivyo mwenyeji mwenye sikio ataimudu baada ya mazoezi machache. Vumi hawezi kupewa, kwa sababu ndiyo inayoita.

Kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kiombwe mapema. Mkataba nao useme wazi kwamba video za darasani ni za kujifunzia tu, si za kuuzwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua sanaa za jadi, kwa hiyo tuna pa kusimamia.

Tena mwaliko utaje safari ya kurudi: wanafunzi wao waje huku, na wao watufundishe zao. Julai inafaa. Shule nyingi za Ulaya zimefunga, kwetu mavuno mengi yameshaingia ndani na ngoma zinachezwa. Waambiwe tu wabebe masweta, maana Njombe na Tukuyu mwezi huo ni baridi kweli.

Walimu wa ngoma za asili,
Mbeya