Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana,

Asalaam aleykum, Bwana asifiwe. Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Futari tulifuturu, mandari ya Julai ilifana, darasa la Kiswahili la watoto linaendelea kila Jumamosi, na misiba 4 tumeisimamia hadi mwisho. Kina mama wa jikoni, ahsanteni sana.

Sasa niingie kwenye jambo lililotugawa, yaani ruzuku ya kaunti yetu hapa Marekani, tunayoitumia kusindikiza familia zenye kesi mahakamani.

Imesemwa kwamba mwenyekiti ameleta "pesa za polisi" chamani. Kweli, ruzuku hiyo ina jina la askari: Edward Byrne, kijana wa miaka 22 aliyepigwa risasi Queens, New York, Februari 1988, akilinda nyumba ya shahidi. Lakini sheria inaruhusu itumike pia kwa mahakama, magereza, vijana, tiba ya dawa za kulevya, waathirika wa uhalifu na mashahidi. Fedha hutoka Wizara ya Sheria ya Marekani kwa hesabu ya idadi ya watu na uhalifu wa kutumia nguvu: asilimia 60 ya mgao hupewa serikali ya jimbo, 40 miji na kaunti. Kabla ya kuzitumia, wananchi lazima wapewe nafasi ya kutoa maoni. Mimi nilikwenda. Ukumbi mzima Mswahili nilikuwa peke yangu, nikasema kwa dakika tatu nilizopewa, na kipande chetu cha dola 18,000 kilianzia hapo.

Kwa nini nililishikilia? Januari nilimsindikiza mama mmoja wa Uvira, Kongo, ambaye mwanawe wa miaka 17 ana kesi. Mkalimani wa simu akawa anasema "wakili wako", "dhamana", "kuahirishwa", na mama anaitikia ndiyo, ndiyo. Tulipofika koridoni akaninong'oneza: "Wakili ni nani?" Kwao ni avoka. Nusu saa nzima alikuwa anakubali mambo bila kujua aliyekaa mbele yake yuko upande gani. Barua ya tarehe ya mahakama alikuwa ameikunja pochini pamoja na bili ya umeme, akidhani zote ni za kulipa.

Mkalimani wa mbele ya hakimu analipwa na mahakama yenyewe, na ruzuku hii hairuhusiwi kuchukua nafasi ya fedha zilizokwisha kutengwa. Sisi tunawapa posho wasindikizaji 5 wanaosoma barua, wanaokaa na familia kwa wakili na kuwakumbusha tarehe. Familia 23 zimehudumiwa.

Nije kwenye mfuko wa msiba. Ruzuku hii hailipwi kabla: unatumia, unapeleka risiti, ndipo unarudishiwa. Kamati iliazima dola 6,200 kutoka mfuko wa msiba, tukasaini mimi na mhazini. Marejesho yakachukua miezi mitano, kwani karatasi zetu zilirudishwa mara mbili kwa kukosa saa za kazi. Katikati ya hapo tukafiwa, na mfukoni zimebaki dola 900. Ikabidi tupitishe bakuli. Wafiwa waliumia, nami nawaomba radhi mbele yenu. Lakini kuambiwa nimekula, hilo silikubali. Kila senti imerudi. Kifungu cha 12 cha katiba yetu kinairuhusu kamati kuazima kati ya mifuko. Fomu nilizijaza mwenyewe usiku baada ya zamu, na safari za mahakamani ni kwa gari langu na mafuta yangu. Mkutano wa Machi niliuitisha kwa ajili ya jambo hilihili: akidi ni 40, wakaja 14. Waliokuja kulalamika kwa simu baadaye, siku hiyo sikumwona hata mmoja.

Wapo wanaohofia majina yao kufika uhamiaji. Tunachopeleka kaunti ni idadi, saa na risiti. Majina yako kwenye daftari, chini ya kufuli ya katibu. Mwaka 2017 Wizara iliweka masharti ya kushirikiana na maafisa wa uhamiaji kwenye ruzuku hii, na miji kama Chicago na Philadelphia ikaenda mahakamani kuyapinga. Masharti ya namna hiyo yakiletwa kwetu, sitasaini kabla hatujayasoma pamoja.

Mapato: ada dola 3,660, michango ya misiba 11,400, marejesho ya ruzuku 9,750. Wanachama tuko 164, waliolipa ada ya dola 60 ni 61. Wote tungelipa, zingepatikana dola 9,840 na mfuko wa msiba usingeguswa. Aprili mwaka huu Wizara ilifuta kwa mpigo ruzuku zaidi ya 360 za aina nyingine, zisizogawanywa kwa hesabu ya idadi ya watu na uhalifu. Zetu zimesalimika, ila mjue tunaegemea wapi ada zisipolipwa.

Mwakani, inshallah, tunatarajia kuongeza wasindikizaji na kupata chumba cha ofisi, Mungu akitujalia.

Mkutano mkuu ni Jumamosi ya pili ya Februari, saa nane mchana, ukumbi uleule. Risiti na taarifa za benki zitakuwa mezani kuanzia saa saba. Anayetaka kukagua awahi.

Mwenyekiti